Penalti Iliyokatizwa na Machozi

Mpigaji alirudi nyuma, akafuta jasho, akautazama mpira kana kwamba wana ugomvi wa siku nyingi, kisha akakimbia. Kabla mguu haujaufikia, kwenye kioo cha televisheni akatokea mwanamke aliyevaa vizuri, ameegemea ngazi za jumba kubwa, analia.

Mzee Kasimiri aliutazama uso ule kwa muda. Alikuwa amejiziba masikio kutoka Mikese hadi Msamvu ili redio ya basi isimwambie matokeo.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Hatumjui," alijibu mmoja wa wastaafu wenzake wa kiwanda cha nguo, waliokuja kuitazama fainali hiyo.

"Rudisha nyuma."

Binti yake, Yustina, alibonyeza deki. Mpigaji akafuta jasho tena. Mwanamke akalia tena.

"Yule Godlisten wako," alisema mzee bila kupandisha sauti, "aliniahidi nini?"

"Kwamba tukiwa Mikese kwenye kipaimara, deki itarekodi mpira wa dishi."

"Na nini tena?"

"Kwamba atakayebaki nyumbani anaweza kutazama stesheni ya antena, na kaseti isiharibike."

"Mpigie simu. Mwambie katika nyumba hii hatupokei posa ya tapeli."

Posa yenyewe ilikuwa ijibiwe kesho yake, baada ya Misa, na atakayeijibu hakuwa Mzee Kasimiri. Alikuwa Mjomba Alois, kaka mkubwa wa mama yake Yustina, katekista wa Mgeta, aliyeteremka mlimani kwa kazi hiyo moja. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba husikilizwa kwa adabu, na mjomba huamua. Jambo hili lilijulikana mno nyumbani hapo, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumweleza Godlisten, kijana wa Kilutheri kutoka Machame.

Yustina aliivuta simu hadi koridoni.

"Mpira umegeuka tamthilia," alisema.

"Umegeukia wapi?" aliuliza Godlisten. Alikuwa akifunga duka lake la redio, Msamvu.

"Kwenye penalti."

Upande wa pili, mlio wa makufuli ukakoma.

"Basi kuna mtu aligusa dikoda," alisema hatimaye. "Dikoda ni moja, na deki hunasa kile kinachotoka humo. Ukiibadilisha stesheni ya dishi, na kaseti inakufuata. Nilisema rimoti ile isiguswe. Nani alibaki nyumbani?"

Yustina alichungulia sebuleni. Mjomba Alois alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, amefungua kitabu cha nyimbo. Alikuwa kwenye ukurasa uleule tangu wenzake waliporudi. Mwaka mzima, kila alipokuja mjini, alikuwa akiita televisheni sanduku la tamaa.

"Mjomba. Goti lilikuwa linamsumbua."

"Basi afadhali. Mzee wako akilijua hilo, hasira zitamwishia kwa mjomba."

"Godlisten, anayeniozesha ni mjomba."

"Unasema?"

"Baba hana neno la mwisho. Hajawahi kuwa nalo."

"Mwaka mzima nimempelekea baba yako betri, antena, magazeti ya michezo. Mjomba nimempa shikamoo tu."

"Aliipokea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Kwetu hakuna anayejua." Alivuta pumzi. "Usiseme lolote. Nakuja."

Alifika akiwa na shati lililofungwa vifungo vyote, akaamkia kuanzia kwenye kiti cha pembeni. Mzee Kasimiri aliliona hilo.

"Keti. Eleza."

"Kosa ni langu, mzee. Nilifunga waya vibaya."

"Waya ndio uliomleta mwanamke huyu?"

"Ndiyo, mzee."

"Katikati ya penalti?"

"Waya haujui penalti, mzee."

Mmoja wa wastaafu alikohoa. Yustina alimtazama mchumba wake na kugundua kwamba anadanganya kwa utulivu mkubwa; jambo hilo lilimtia shukrani, na pia wasiwasi.

"Umeweza kuharibu fainali," alisema mzee. "Ukoo utakuweza?"

"Mwache mtoto wa watu," alisema Mama Anastasia, mama yake Yustina. Yeye ndiye pekee aliyekuwa bado anatazama, kwa kuwa hakuna aliyeizima kaseti. "Lakini huyu dada analia nini? Si kapata mtoto?"

"Mtoto si wake," alisema Mjomba Alois. "Wa kwake alibadilishwa hospitali. Huyo ni wa yule mwenye kofia."

Wastaafu wakatazamana. Mwanamke wa kwenye kioo naye akapumzika kulia kidogo.

Mzee Kasimiri aligeuka taratibu. "Shemeji."

"Nilikuwa naitafuta Misa," alisema mjomba.

"Jumamosi alasiri?"

"Nilikuwa naitafuta mapema."

Alikifunga kitabu, akamtazama Godlisten.

"Kijana. Ulijua?"

"Nilijua, mjomba."

"Ukakubali kuitwa tapeli mbele ya watu wazima."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya heshima yangu, au kwa sababu umeambiwa neno ni langu?"

Godlisten alifungua kifungo cha shingoni.

"Vyote viwili, mjomba."

"Kipi kilizidi?"

"Cha pili. Namtaka Yustina."

Mjomba aliitafakari sakafu.

"Ungesema cha kwanza ningekukatalia hapahapa," alisema. "Unadanganya vizuri, lakini unajua pa kuishia. Posa nimeikubali. Ndoa itafungwa kwetu Katoliki. Na katika mahari, pamoja na blanketi la mjomba, italetwa dikoda ya pili, ifungwe nyumba hii. Mpira utazamwe, na kile kingine kirekodiwe."

"Kile kingine kipi?" aliuliza Mzee Kasimiri.

"Misa," alisema mjomba.

"Na penalti yangu?"

"Iliingia," alisema Godlisten. "Niliitazama dukani, mzee."

Mzee Kasimiri alifikiri, akamsogezea kiti karibu na chake. Mama Anastasia akaenda kuchemsha chai, akiomba apewe habari zote za yule mwenye kofia.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno, kwa bahati mbaya siku ileile ya sehemu ya mwisho ya tamthilia, ambayo iliangukia saa ya mechi. Mlangoni mwa kanisa mjomba, blanketi jipya begani, alimvuta bwana harusi pembeni.

"Umepanga?"

"Dikoda moja ina mpira, ipo kwenye televisheni kwa ajili ya wanaolinda nyumba. Nyingine ina tamthilia, ipo kwenye deki."

"Na rimoti ya hiyo nyingine? Watu hawaaminiki."

"Ninayo, mjomba."

Yustina aliigundua madhabahuni, alipouegemea mkono wa mumewe: kitu kigumu, kirefu, ndani ya mfuko wa koti. Hakusema neno, isipokuwa yale aliyoulizwa na padri, ambayo aliyajibu kwa sauti iliyosikika hadi nje.

Picha ya siku hiyo bado imetundikwa sebuleni, na ule uvimbe kifuani mwa bwana harusi unaonekana wazi. Wageni huuliza kama ni kitabu cha sala. Mjomba Alois, akiwapo, huwajibu kwamba ndicho.