Mama Alishuhudia Kwamba Nimepona

Wasomaji wenzangu, mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa kutoka upande wa Matiliku. Nilisoma hadi darasa la saba tu. Mbele ya watu sauti yangu hupotea, ndiyo maana naandika, tena polepole...

Tangu utotoni nina pumu. Nikiwa darasa la sita, nesi aliyekuwa akizunguka shule zetu alisikiliza kifua changu, akanipeleka kwa daktari wa wilaya. Wale wawili walishirikiana kuniokoa! Daktari alitoa pampu ya kuvuta dawa, ikawekwa kabatini kwa mwalimu wangu. Nesi akamwonyesha mwalimu jinsi ya kunisaidia, akakataza nisifagie darasa.

Nikapata nafuu. Mama alifurahi mno, akasimama kanisani akashuhudia kwamba nimepona kabisa. Watu waliimba na kupiga makofi... Nani angethubutu kumpinga?

Jumatatu Mama alifika shuleni. "Mwalimu, nipe hicho kitu. Watu wakikiona watasema nilimdanganya Mungu."

Mwalimu alikuwa mwimbaji mwenzake wa kwaya. Akampa!

Tangu hapo nilikuwa kama mbuzi wa kamba fupi. Nikikohoa nyumbani, Mama alinikazia macho. Nikikohoa kanisani, nilijiziba mdomo kwa leso. Hata ufagio nilirudishiwa. Aliyepona anaogopa vumbi la nini?

Asubuhi moja ya kiangazi, nikifagia, kifua kilifunga. Kwa mazoea nilinyoosha kidole kabatini kwa mwalimu... hakukuwa na kitu! Wenzangu walinisukuma kwa mkokoteni hadi zahanati, nesi yule yule akanichoma sindano na kutuma daktari aitwe.

Nilipopata nguvu, wote wawili walikuja kwetu.

"Mama Mueni," nesi alisema, "maombi hayagombani na dawa. Hata mchungaji wako huvaa miwani!"

Daktari alicheka. Mama hakucheka. Akanigeukia. "Waambie wewe. Si umepona?"

Nilitazama chini... Nilitamani ardhi inimeze!

"Mwaitu, mama yangu," nikamwambia, "sijapona."

Mama alitoa pampu sandukuni, akaitupa mapajani mwangu. Tangu siku hiyo hajaniita binti yake. Tunakula chungu kimoja, kimya kimya. Pumzi ninayo, lakini nyumba imenibana kuliko pumu!

Wazazi, nawasihi, mshukuruni Mungu, lakini msimfunge mtoto kwa ushuhuda wenu. Nawe unayeugua, usione haya kusema hujapona. Mimi nilinyamaza, nikakaribia kufa ili mama yangu asiaibike.