Sindano ya Mtutuni

Haya yalimpata rafiki yangu fundi viatu, na mtu asinibishie, maana kwa kujua mambo ya watu mtaani kwetu nani ananishinda? Wakati wa vita aliingizwa jeshini pamoja na shemeji yake, na kila kuruta alijifunza shabaha kwa bunduki yake isiyo na risasi: ukivuta triga, sindano ndefu inachomoka mtutuni, tik, na kutoboa kadi iliyo mbele. Huyo shemeji wa fundi, kaka wa mkewe, alitoboa katikati kila mara. Mshindi wa shabaha angebaki kambini kuwa mwalimu. Wengine wangepelekwa vitani. Fundi akaona wivu.

Wenzake walipokwenda kula, akajipenyeza katika ukumbi wa shabaha ili aipinde sindano ya shemeji. Madirisha yalikuwa yamezibwa, giza totoro. Akiwa anapapasa, akasikia nyuma yake: tik.

“Shemeji, acha utani, bwana!”

Tik. Tik.

Akatoka mbio. Nje akamkuta shemeji amekaa na sahani yake, mdomo umejaa.

“Mbona unahema hivyo, shem? Na shati lako limetobolewa na nini mgongoni?”

Matundu matatu ya sindano, yamebanana. Fundi akalivua, akaenda bwenini, akatoa shati jipya sandukuni mwake, akalikunjua. Nalo lilikuwa limetobolewa palepale.