Mama wa Kwenye Simu

Simu ilifungua kila kitu isipokuwa kile alichokitaka. Nyimbo zilifunguka, umbeya ukafunguka, picha za mitindo ya nywele zikateremka kama maji. Lakini msusi alipogusa tovuti ya hospitali, kioo kilibaki cheupe, kisha kikaandika: Ukurasa haupatikani.

"Mtandao tu huo," alisema mteja wake, kichwa nusu kimesukwa nusu timutimu. "Zima, washa."

Akazima, akawasha. Akachomoa laini, akaipuliza, akairudisha. Ukurasa haupatikani.

Mteja alicheka. Msusi hakucheka. Moyo wa bintiye ulikuwa na tundu tangu kuzaliwa, na baada ya kungoja mpaka kukata tamaa, hospitali kubwa ya mji wa mbali ilikuwa imempa kitanda cha upasuaji. Ilibaki kuthibitisha tu kwenye tovuti. Asiyethibitisha, kitanda hupewa mwingine.

Mtoto mwenyewe alikuwa amelala nyuma ya pazia la saluni, midomo imeiva zambarau. Walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo. Sasa hakuwa na pumzi hata ya kuruka kamba, na wateja walipojaa mama yake alimwachia simu imbembeleze.

Msusi alimaliza kichwa cha mteja kwa papara, akambusu mwanawe, akaenda kwa fundi simu barabara ya pili.

Fundi alikagua tarehe na saa. Akafuta kumbukumbu za kivinjari. Akabadili mtandao, na mwisho akairudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Kisha akakuna kidevu.

"Dada, hii sijawahi kuiona. Mpira unafunguka, mapishi yanafunguka. Lakini hospitali, duka la dawa, popote penye neno daktari, hapafunguki." Akaisogeza simu puani. "Na mbona inanuka? Umeimwagia maziwa?"

Msusi akainusa. Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya maziwa ya mama, yaliyochacha kwenye nguo.

"Jaribu kwenye kompyuta yako, kaka yangu. Nakuomba."

Kwenye kompyuta ukurasa ulifunguka mara moja. Fundi akaandika jina la mtoto, akasoma, akamgeuzia kioo. Msusi akainama asome mwenyewe: Mgonjwa amechukuliwa na mama yake.

Alipiga hospitali kwa simu ya fundi.

"Lakini mama," karani alisema, "si wewe uliyepiga jana ukasema mtoto amepona? Sauti ni hii hii."

"Sikupiga mimi!"

"Basi thibitisha kwa simu ile uliyojiandikishia. Kesho kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo mimi sina la kufanya."

Alirudi mbio, simu imezimwa kiganjani, na kabla hajafika kwenye pazia alimsikia Chiriku akicheka, kicheko cha zamani, cha mtoto mwenye pumzi, akisimulia jambo kisha akinyamaza kama anayesikiliza jibu. Na msusi akasimama, akatega sikio, akalisikia jibu lenyewe, sauti ya mwanamke ikibembeleza taratibu, na hapo ndipo nywele zilipomsimama, kwa maana sauti ilikuwa yake yeye, na haikutoka nyuma ya pazia, ilitoka kwenye simu mfu aliyoishika mkononi.

Akavuta pazia. "Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na Mama."

"Mama ni mimi."

Chiriku alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto asiyeelewa. "Wewe una wateja. Yeye hana. Nilimwita siku moja, wewe hukusikia. Yeye akaitika." Akapumua kwa shida. "Anasema hospitali watanipasua kifua. Yeye hapasui. Kesho atanibeba tu."

Msusi hakuuliza atambeba kwenda wapi. Alimtia mtoto mgongoni, akafunga saluni, akaenda kwa mganga.

Mganga alikuwa mama mfupi, mnene, akianua nguo kwenye kamba. Aliinusa simu, akaiweka chini kama kaa la moto.

"Huyu ni jini mgumba," alinong'ona. "Hana ubaya wa kula. Ana ubaya wa kupenda."

"Niivunje?"

"Uivunje ili ahamie kifuani mwa mtoto? Aliyemkaribisha ndiye amfukuze, kwa jina lile lile alilomkaribishia. Anamwitaje?"

Msusi akajibu: "Mama."

Mganga aliweka nguo chini. "Basi ni hilo hilo. Lakini nisikilize, mwenzangu. Neno likitoka na jini, mimi sijui kulirudisha."

"Mwanangu anakufa. Litoke."

Walikaa chumbani watatu, dirisha limefungwa, ubani ukifuka. Simu iliwekwa sakafuni katikati.

"Mwambie hivi," mganga alimwelekeza mtoto. "Mama, sikutaki. Toka."

"Hapana. Atalia."

"Sema, kipenzi changu," msusi alisihi, magoti yakiwa sakafuni. "Sema, nami nitafunga saluni, nitakaa nawe mchana kutwa, sitasuka hata kichwa kimoja."

"Usimsikilize," simu ikasema. Kioo chake kilikuwa giza. "Mama yako ni mimi. Yeye anataka kukupeleka kwenye visu."

Harufu ya maziwa ilijaa chumba hata ubani ukashindwa, na Chiriku akawa anageuza uso huku na huku, kwa mwanamke aliyepiga magoti na kwa kile kitu sakafuni, sauti mbili zilizo moja zikimwita kwa pamoja, mwanangu, mwanangu, njoo, kifua chake kikipanda na kushuka kama cha ndege aliyenaswa, midomo ikizidi kuwa myeusi, mpaka mama yake akadhani atazimika pale pale katikati yao na hata mmoja kati yao asimpate. Ndipo msusi akafunga mdomo wake mwenyewe kwa kiganja. Akaacha kuita. Akabaki anamtazama tu, machozi yakimtiririka.

Mtoto akaona.

"Mama," alisema, "sikutaki. Toka. Usirudi."

Kikapigwa kilio ambacho mganga, mpaka leo, hajui kilitoka kwa nani. Kisha harufu ikakatika. Simu ikawaka yenyewe, ukurasa wa hospitali mweupe, safi, na kitufe kimoja: Thibitisha. Msusi akakibonyeza kwa kidole kilicholowa machozi.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Chiriku sasa anaruka kamba, anapigana na watoto wa jirani, anaongea mpaka wateja wanaomba amani. Midomo yake ni myekundu kama ya watoto wote.

Ila mtoto humwita msusi "dada", kama wateja wanavyomwita. Akianguka akachubuka, hulia, "Dada, njoo!" Na msusi huacha kichwa cha watu nusu, huenda, humfuta damu. Alijaribu kumfundisha lile neno. Mtoto hulisikiliza kwa adabu, kama neno la lugha ya wageni.

Hulitamka akiwa usingizini tu, mchana, nyuma ya pazia. "Mama," husema, na kutabasamu. Mara ya kwanza msusi alikimbilia kitandani, mikono wazi. Alimkuta mwanawe amelala, uso ameuelekeza ukutani, na vidole vyake vidogo vimekunjwa hewani, kama vya mtoto aliyeshikwa mkono.