Ahadi ya Baba na Chai ya Abigael

Kila jioni baada ya shule, Abigael ndiye aliyepika chai. Mama yake alikuwa na zamu ya jioni katika makao ya wazee, kwa hiyo jiko la nyumba yao ya ghorofani, pale Weston, ughaibuni, lilikuwa mikononi mwake. Maji, maziwa, majani, tangawizi na sukari, vyote alivitia katika sufuria moja na kuviacha vichemke mpaka povu lipande. Ndivyo nyanya yake alivyopika kule kwao Nyeri, na ndivyo mama yake alivyomfundisha. Asubuhi alipika nyingine ya kujaza chupa ya chai ya baba yake, Kangethe, aliyeendesha lori la mizigo kutoka ghala moja la mtaa wa Downsview.

Kanisani kwao kulikuwa na desturi. Jumapili ya kwanza ya Januari, kila mtu husimama na kutaja jambo analoliacha mwaka huo, kisha wote hupiga makofi. Mwezi huo kila mtu hugeuka malaika. Ikifika Februari, malaika wote wamesharudi duniani, na hakuna anayemuuliza mwenzake kitu.

Mwaka huu Kangethe alisimama akasema anaacha soda na keki. Kisukari kilikuwa kimeanza kugusa macho yake. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hali isipotulia kufikia mwezi wa Machi, asitarajie kuendelea kuendesha lori. Abigael alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Babu yake alipofushwa na ugonjwa huohuo, na Abigael alikumbuka kumwona kwenye simu ya video akipapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

Alhamisi moja mwishoni mwa Januari, Abigael aliipua sufuria ya chai, kisha akatoka nje kwenye roshani kuchukua mfuko wa maziwa ya asubuhi. Majira ya baridi waliweka akiba ya maziwa pale nje, maana friji yao ilikuwa ndogo. Theluji ilikuwa imerundikana pembeni, na ndani ya rundo hilo kifuniko chekundu kilichungulia. Alifukua kwa mikono mitupu. Zilikuwa chupa za soda, zimepangwa vizuri, na moja ilikuwa imenywewa nusu.

Alikasirika. Alizibeba zote na kuzisimamisha mezani, pale baba yake alipozoea kukaa.

Kangethe aliingia, akaziona, akasimama na koti lake bado mwilini. Siku za kawaida Abigael alikuwa akimjibu baba yake kwa Kiingereza. Siku hiyo hasira ilimtoa Kiswahili ambacho hata yeye hakujua anacho.

"Ulisimama mbele ya watu wote, baba. Nilikupigia makofi."

"Chunga ulimi wako. Mimi ni baba yako."

"Babu pia alikuwa baba yako. Unataka nikushike mkono kwenda chooni kama ulivyomshika yeye?"

Kangethe alipiga meza kwa kiganja, chupa zikagongana. Alimwambia kwamba mtoto kama yeye hajui uchungu wa kujinyima. Tangu siku ile ya kanisani hakuwa ameonja tone la soda, lakini kila alipopimwa, sukari ilikuwa palepale. Ndipo wiki hii akaona anajitesa bure, akanunua zile chupa. Abigael hakuamini hata neno moja, na alimwambia hivyo.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Anti Nyaboke, muuguzi wa kanisani kwao aliyekaa ghorofa ya chini, ambaye kila Alhamisi alikuja na kipimo chake cha sukari. Alitazama chupa, akatazama nyuso zile mbili zilizovimba kwa hasira, akafungua mkoba wake. Alimtoboa Kangethe kidole na kusoma kipimo. Sukari ilikuwa juu, vilevile kama wiki iliyotangulia.

Abigael alimimina chai ya mgeni huku akivigonga vikombe makusudi. Anti Nyaboke alipiga funda moja, akaweka kikombe chini.

"Chai hii amepika nani?"

"Mimi," Abigael akajibu.

"Na ile anayobeba kwenye lori?"

"Mimi pia."

"Anaimaliza?"

"Kila siku. Chupa nzima."

Abigael alipoyasikia maneno yake mwenyewe, uso ulimchoma. Mwezi mzima alikuwa akimlinda baba yake na soda, na mwezi mzima alikuwa akimchemshia sukari asubuhi na jioni. Hasira ile haikuisha. Ilimgeukia yeye mwenyewe.

Kangethe naye alikitazama kikombe. Hata siku moja hakuwa amefikiri kwamba chai ina sukari. Kwake chai ilikuwa chai tu.

Anti Nyaboke sasa alikasirika kweli. "Nimekasirikia sisi sote, hata mimi, maana nimekuwa nikipima damu bila kuuliza kinachonywewa humu ndani," alisema. "Tulikupigia makofi, Kangethe, kisha tukakuacha upigane peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wewe, ulipoona huwezi, ungesema, si kuficha chupa kwenye theluji kama mtoto."

Kangethe aliinama. Alimwambia binti yake kwamba amekosea kuficha, na Abigael akamwomba radhi kwa kumtaja babu vile. Kisha Kangethe mwenyewe alizimwaga soda zote kwenye sinki.

Kuanzia siku hiyo sukari haikutiwa tena katika sufuria. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Mama alilalamika, Abigael alinuna, na Kangethe alikunja uso kila alipofungua chupa yake ndani ya lori. Lakini hakuna aliyekunywa tofauti na mwenzake. Abigael aliongeza tangawizi, kisha iliki, na polepole ndimi zao zikazoea.

Machi, daktari alisema macho hayajaharibika zaidi na sukari imeshuka. Kangethe angeendelea na lori lake. Jioni hiyo Anti Nyaboke alikuja kunywa chai, na Abigael akamuuliza kama mwaka ujao baba asimame tena kanisani.

"Asimame akitaka," Anti Nyaboke akasema. "Lakini mtu habadiliki pale anaposimama, mwanangu. Anabadilika pale anapokula na kunywa kila siku, na wanaompikia wakibadilika naye. Haya, nimiminie nyingine."