Kijiti Kwenye Mfuko wa Shati

Soko la nafaka lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, na msichana mwenye koti jeupe la maabara na kitambaa cha manjano kichwani alikuwa akichoma magunia ya watu. Mkononi alishika bambo, kile chuma chenye ncha kilicho wazi kama mfereji, ambacho ukikichoma kwenye gunia kinatoka na vilivyomo bila kulifungua. Wachuuzi walimnunia. Alikuwa na kibali cha kuchukua sampuli, lakini kibali hakimfanyi mtu apendwe. Kwenye gunia la kumi na nne akachoma kwa pupa, mshono ukaachia, na mashudu ya alizeti yakamwagikia viatu vya kijana aliyesimama pembeni, shati lake la bluu limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Samahani kaka."

"Samahani ya gunia au ya viatu?"

"Ya viatu. Gunia nilikuwa nalitaka."

Kijana akacheka huku akijikung'uta. "Gunia hili nimetoka kulinunua sasa hivi. Baba ana kiwanda cha chakula cha mifugo. Unatafuta nini humu?"

"Sumukuvu. Ni sumu inayotokana na kuvu, nafaka ikihifadhiwa na unyevu. Huioni, huinusi. Ng'ombe akiila inaingia kwenye maziwa, na mtoto akiyanywa inamharibia ini polepole."

"Na mtu akikualika chai, unamweleza haya haya?"

"Ndiyo maana hakuna aliyewahi kunialika mara ya pili."

"Basi mimi nitaanzia hiyo ya pili."

Wakanywa chai. Kabla ya vikombe kupoa msichana alishakuwa Bi Bambo, na kijana alishakuwa Bwana Mashudu, na majina yao halisi yakabaki kwenye vitambulisho. Simu zikaanza. Asubuhi simu, mchana simu, jioni simu ya kuuliza kwa nini simu ya mchana ilikuwa fupi.

Bi Bambo alikuwa miongoni mwa watu wanne waliokuwa wakitengeneza kipimo cha haraka cha sumukuvu, kwa ajili ya wasagaji wadogo wasioweza kusubiri wiki tatu majibu ya mashine kubwa. Kilikuwa kijiti cha plastiki chenye karatasi nyembamba ndani, urefu wa kidole. Unasaga sampuli, unatia spiriti, unatikisa, unaacha itulie, unachovya, unasubiri dakika tano. Walikuwa wamefika toleo la saba, na toleo hilo lilikuwa bado linajaribiwa. Hapakuwa na kijiti kilichoruhusiwa kuvuka mlango. Kila kimoja kilikuwa na namba, na aliyeziandika namba hizo kwa mkono wake, akazifungia stoo na kutembea na ufunguo shingoni, alikuwa shangazi yake. Shangazi ndiye aliyemlea, ndiye aliyempeleka shule, ndiye aliyemwombea kazi ile.

"Mpenzi," Bwana Mashudu alimwambia siku moja kwenye simu, kwa sauti ya chini, "mashudu ya nyuma kule stoo siyaamini. Mvua iliingia. Nimemwambia baba tuyapime, akaniambia siku nitakayoleta wapimaji kwenye kiwanda chake, nitafute kiwanda changu."

"Leta maabara."

"Wiki tatu, Bi Bambo. Na wateja wanakuja kila siku."

Mapenzi yana njia zake za kumtia mtu ujinga. Kesho yake Bi Bambo alisubiri shangazi afungue stoo na kugeuka, akatoka na vijiti kumi ndani ya soksi, akampita mlinzi wa getini aliyekuwa akipekua mkoba wake kwa bidii, na hakupumua mpaka alipofika barabarani.

"Sikiliza vizuri," alimfundisha. "Ukiona mistari miwili, shukuru, chakula ni salama. Ukiona mmoja, hapo pana sumu. Sumu inaumeza ule mstari wa chini."

"Kumbe ni kinyume na kile kipimo kingine."

"Kipi?"

"Kile cha kina dada."

"Wewe umekijulia wapi?"

"Nina dada watatu, usianze."

Jumatatu Bwana Mashudu akapima mahindi. Mistari miwili, myekundu, imenyooka. Akafurahi kama aliyeichora mwenyewe, akakitia kijiti kwenye mfuko wa shati amwonyeshe mpenzi wake, akasahau. Jumanne mama yake akapekua mifuko kabla ya kufua.

Mama alikijua kijiti chenye mistari miwili. Alikuwa na mabinti watatu na wajukuu watano. Alimwita mwanawe mezani, baba akiwa anakula, akamwuliza: "Hiki ni cha yule binti wa maabara?"

Kijana alimtazama baba yake. Akisema ni kipimo cha chakula, amefukuzwa. "Ni chake," akasema. Hakuongeza neno, na mama akaelewa alivyoelewa.

Habari haikulala njiani. Jumatano jioni shangazi alifunga mlango wa sebuleni, akasimama mbele ya Bi Bambo. Nyumba yao ilikuwa na mlango huo mmoja tu wa kutokea nje.

"Ina miezi mingapi?"

"Shangazi, sina mimba."

"Mama mkwe wako amenipigia mwenyewe. Ameshika kipimo mkononi. Hicho kipimo ni cha nani?"

Bi Bambo alipiga hesabu. Akikana tena, ataulizwa kijiti kimetoka wapi. Akisema kimetoka wapi, amemtaja shangazi mwenyewe, maana stoo ni yake na ufunguo ni wake. Alijiona amebanwa kama punje kati ya mawe mawili, na mawe yote mawili alikuwa ameyaweka yeye.

Alimpigia Bwana Mashudu akiwa bafuni, bomba limefunguliwa.

"Mwambie mama yako ukweli."

"Nitamwambia. Baba yupo, nipe muda kidogo."

"Kila siku ninayokupa, tumbo langu linakua midomoni mwa watu."

"Mpenzi, si tungeoana tu hata hivyo?"

"Tungeoana kama ungeniomba. Wewe umeniozesha kwa kunyamaza." Akakata. Simu zake zote za baadaye aliziacha ziite mpaka zichoke.

Alhamisi mkuu wa maabara aliwakusanya. Vijiti kumi havionekani. Visipopatikana mpaka Jumatatu, majaribio ya toleo la saba yanafutwa, kazi ya mwaka mzima, na mtunza stoo ataandika barua ya kujieleza akiwa nyumbani kwake. Bi Bambo alitazama sakafu. Ijumaa na Jumamosi shangazi alikaa mezani na daftari lake, anahesabu, anarudia.

"Nimehesabu mpaka macho yanauma. Miaka kumi na tisa sijapoteza hata kizibo." Kisha akamsukumia bakuli la uji. "Kunywa. Unakula kwa ajili ya wawili."

Bi Bambo akanywa. Hakuna adui aliyewahi kumtesa kama wema ule.

Jumapili mama yake Bwana Mashudu akaja, gauni la zambarau, hereni zinaning'inia, uso umechangamka. Mwanawe alimfuata nyuma, amekonda, shati halikupigwa pasi. Bi Bambo aliketi kwenye kochi katikati ya wanawake wawili wenye miili, hana pa kusogea. Wakazungumza juu ya tarehe. Wakazungumza juu ya kitanda cha mtoto. Mwishowe mgeni akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwenye tishu, akakiweka mezani.

"Nimekihifadhi. Mtoto akikua ataonyeshwa."

Shangazi akavaa miwani, akakinyanyua, akakigeuza. Nyuma yake palikuwa na namba ndogo za wino wa bluu. Saba, mkato, mia mbili na kumi na moja. Zile moja mbili zilikuwa na vijimkia, kama anavyoziandika yeye siku zote.

 Akasema taratibu, "Mama, mimba hii ina namba ya stoo yangu."

"Sijakuelewa, dada."

"Ni kipimo cha chakula cha mifugo," Bi Bambo akasema. Sauti ilitoka kavu. "Niliviiba mimi. Kumi. Nisamehe, shangazi."

 Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo. Ndipo Bwana Mashudu akasogea mbele. Alitoa bahasha mfukoni, akavipanga vijiti tisa mezani kando ya kile cha kwanza.

"Niliviomba mimi. Hivi vitatu ni mahindi, mistari miwili. Hivi sita ni mashudu ya nyuma."

Vyote sita vilikuwa na mstari mmoja.

"Yale tunayouza?" mama akauliza.

"Yale tunayouza. Na ndiyo anayokula ng'ombe wetu wa nyumbani."

Mama aliweka mkono mdomoni. Bi Bambo alivitazama vile sita, akamtazama mpenzi wake. "Ulijua lini?"

"Jumatano usiku."

"Leo Jumapili. Magunia mangapi yametoka?"

"Nilikupigia, hukupokea."

"Baba yako je, naye hakupokea?"

 Shangazi akakusanya vijiti vyote kumi ndani ya bahasha, akailamba gundi, akaifunga. "La kuvunda halina ubani. Kesho asubuhi, mimi na wewe, kwa mkuu. Na wewe kijana, nenda nyumbani ukawe mwanaume mbele ya baba yako. Humu ndani umeshatosha."

Mkuu wa maabara alisikiliza hadithi nzima bila kuketi. Shangazi akabaki na stoo yake na onyo la maandishi. Toleo la saba likanusurika, maana vijiti vyote vilirudi na kila kimoja kikajulikana kilikuwa wapi. Bi Bambo akaondolewa kwenye kazi kwa miezi mitatu. Akavua koti lake jeupe pale pale, akalikunja, akaliacha mezani. Njiani kurudi alilia, na alilia zaidi kwa sababu shangazi alimshika mkono. Walipofika, shangazi alimpigia mama yake Bwana Mashudu, akamweleza yote.

Saa nne asubuhi simu ikaita. Akaitazama. Akapokea.

"Usiseme kitu," Bwana Mashudu alisema. "Usikate pia. Sikiliza tu."

Alisikia mashine inanguruma. Akasikia hatua, kisha mashine ikazimwa, na watu wakawa wanauliza umeme umekatika au vipi.

"Nani kazima?" Ilikuwa sauti nzito, ya mzee.

"Mimi, baba. Mashudu ya nyuma yana sumu. Nimeyapima mara sita."

"Nani kakwambia upime?"

"Hakuna. Niliomba vipimo mwenyewe, na binti aliyenipa amesimamishwa kazi kwa ajili yangu. Hana mimba. Nilinyamaza kwa sababu nilikuogopa. Bado nakuogopa, lakini gunia lingine halitoki."

Bi Bambo alikaa kwenye ukingo wa kitanda, simu imegandamana na sikio. 

"Sita zote?" mzee akauliza.

"Zote."

"Waliochukua tangu wiki iliyopita, unawajua?"

"Nimewaandika."

"Wapigie. Warudishe." Mzee akakohoa. "Huyo binti yuko kwenye hiyo simu?"

"Yupo, baba."

"Mwambie aje na chuma chake, achome magunia yote. Mimi sitaki kubahatisha tena."

Sauti ya Bwana Mashudu ikarudi karibu. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi na mimi nina swali langu. Baba yuko hapa hapa, anasikia. Nikuoe?"

Machozi yalikuwa yamemjaa Bi Bambo. Akayafuta, akaanza kutafuta viatu. "Subiri dakika tano."

"Dakika tano za nini?"

"Hakuna kipimo kinachosomwa kabla ya dakika tano, Bwana Mashudu. Ukisoma mapema unajidanganya."

Hakukata simu. Alifunga kitambaa chake cha manjano, akachukua bambo nyuma ya mlango. Shangazi alikuwa amesimama pale sebuleni, ametega sikio bila aibu.

"Jibu unalo. Unamtesea nini mtoto wa watu?"

"Nafuata utaratibu, shangazi."

Shangazi akautazama ule mlango mmoja wa nyumba yao, akaufungua kwa upana, akampisha apite.