Mkate wa Jana

Asubuhi ya Ijumaa katika soko la Chorsu, Tashkent, mkate wa mwisho kutoka tanurini ulishikwa na watu wawili kwa mpigo.

"Dada, huo wangu."

"Una jina lako?" alijibu Zulhumor, amependeza ndani ya gauni la hariri ya kijani.

Bahrom aliyatazama macho yale, ubishi ukamwishia. "Chukua basi. Mimi nitakula wa jana. Mgeni hapewi kilicholala."

"Mgeni? Nimezaliwa mtaa wa pili!"

"Machoni pangu ndiyo kwanza umefika."

Zulhumor alicheka, akampa namba. Wiki nzima simu zao hazikupoa.

Jumatatu iliyofuata Bahrom, msimamizi wa ghala la mtindi, nusura aangushe kreti. Mkufunzi mpya wa wafanyakazi alikuwa Zulhumor!

Furaha haikudumu. Zulhumor alimwona akiwapakilia wenye maduka mtindi wa leo na kuusukuma wa juzi nyuma, ambako ulichacha.

"Uliotangulia kuingia ndio utangulie kutoka," alisema mbele ya wapakiaji wote. "Maduka yanakosa mzigo kwa sababu nusu tunaumwaga."

"Nimpe mteja kilicholala? Baba aliyenifunza ukarimu atanikana!"

"Basi hasara yote hii ni yako, Bahrom."

Wapakiaji wakaangua kicheko. Bahrom alitoka, akazima simu.

Zulhumor alilia. Kazini alikuwa na haki, lakini alikuwa amemwaibisha mtu anayempenda, na sasa anampoteza. Alipiga, akapiga tena, hadi Jumapili simu ikapokelewa.

"Nisamehe, kipenzi. Ningekuita pembeni. Ila niambie, kwenu mkate wa jana mnautupa?"

"Astaghfirullahi! Mkate hautupwi. Tunaumaliza kwanza, ndipo wa leo..." Akajishtukia. "Mjanja wewe!"

"Na mtindi je?"

"Nimekoma, mwalimu. Kesho nitawafundisha wapakiaji mwenyewe."

Akawafundisha kwa mfano wa mkate, wakaelewa mara moja. Umwagaji ukapungua, maduka yakapata mzigo kila asubuhi.

Msimu wa zabibu, mama yake Bahrom alifika kwa kina Zulhumor na mikate miwili kitambaani, maana kwetu Tashkent posa hukubaliwa kwa kuvunja mkate. Mmoja ulikuwa wa moto, mwingine baridi.

"Mwanangu kaning'ang'ania nilete na wa jana," alilalamika. "Aibu gani hii?"

Zulhumor aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, akausogeza ule wa baridi mbele ya baba yake.

"Baba, vunja huu kwanza."