Mashine Saba Haitaki Kuachilia

Diski ilikuwa imeshikwa, na aliyeishika alikuwa chini ya ziwa.

Khaemba alisoma skrini mara ya pili, akapangusa macho. Alikuwa amechoka, jamani, uchovu ule wa kuingia mifupani. Programu za benki ya damu huendeshwa ndani ya kontena, visanduku vya programu visivyoweka kumbukumbu vyenyewe. Data yote iko kwenye diski ya mbali inayofikiwa kwa mtandao, nayo hushikwa na mashine moja tu. Skrini ilisema imeshikwa na Mashine Saba. Sasa hebu niambie: Mashine Saba ilizama na Ondiek, fundi mwenzake, boti ilipopinduka nje ya ufuo wa Dunga akiipeleka kisiwani.

"Wewe, harakisha!" Nesi Lorine alinong'ona mlangoni pa chumba cha mashine. "Debra ametoka kujifungua, anavuja damu. Sijui mfuko gani ni wake."

"Nikiichukua diski kwa nguvu data itavurugika. Utampa damu ya mtu mwingine."

"Na mbona hapa kunanuka omena?"

Hata Khaemba alikuwa ameinusa harufu hiyo ya dagaa wa ziwani. Nyuma ya kabati la mashine maji yalidondoka, na kila alipoiomba diski matone yalikoma kwanza, kana kwamba kuna anayesikiliza, kisha taa za kijani zikazimika mojamoja zikija upande wake, na pumzi ya matope ikamgusa shingoni, nzito, pumzi ya mtu aliyebeba mzigo muda mrefu na hajaambiwa autue wapi.

Akapiga simu kijijini Katito, kwa mama yake Ondiek. Mwili haukupatikana, na mama alikuwa amekataa katakata kuzika yago, lile tunda ambalo Wajaluo hulizika badala ya aliyepotelea majini.

"Mama, pole. Ni Khaemba wa kazini. Ondiek… bado ameshikilia kazi. Mwambie aachilie. Kuna mzazi anakufa hapa."

"Kumbe yuko!" Mama alilia kwa furaha. "Si niliwaambia? Weka simu karibu naye."

Akaiweka juu ya kabati.

"Ondiek wuoda, mwanangu, weye. Achilia, baba. Umechoka."

Taa zikawaka. Diski ikaachiliwa. Lorine akasoma namba ya mfuko, akatoka mbio. Baadaye walikuja kusimulia kwamba Debra alipona akaomba chai.

"Asante, Mama," Khaemba akasema kwenye simu. "Sasa mnaweza kuzika yago."

"Nimzike mtu aliyenisikia? Nimemwambia aachilie. Sikumwambia aondoke." Akakata simu.

Khaemba akatazama skrini. Mashine Saba ilikuwa bado hai kwenye mtandao, mikono mitupu, ikiomba diski nyingine. Maji yalikuwa yamefika viatuni mwake. Akakivuta karibu kiti cha zamani cha Ondiek.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," akasema. "Hata mimi nimechoka."

Mto wa kiti ukabonyea.